Moto huo usilale nao

Mwanangu,

Picha zimefika. Mdogo wako alinikuzia moja moja mpaka simu ikazima, na mama yako ameshazionyesha jumuiya nzima. Umenawiri, tumefurahi. Ila ile uliyokaa sakafuni kando ya moto, ndani ya nyumba ya kale ya Kijapani, moshi umekuzunguka, ndiyo iliyoninyima usingizi. Si kwa picha yenyewe, ni kwa maneno uliyoandika chini yake: kwamba chumbani kwako nako siku hizi kuna joto kama hapo, kwa kuwa umepata jiko la mafuta ya taa la mtumba.

Mama, moto huo usilale nao. Yule kijana aliyepanga nyuma ya soko unamkumbuka, sina haja ya kurudia.

Utasema, "Baba, mbona Wajapani wenyewe waliishi na moto ndani?" Waliishi, ndiyo. Nimekisoma kile kipeperushi cha Nihon Minka-en, hiyo makumbusho ya nyumba za kale ulikopigia picha, kwa msaada wa mwalimu. Kumbe hapo Kawasaki wamekuwa wakipokea wageni tangu 1967, na nyumba zililetwa kutoka mikoani, zikafumuliwa huko kwao na kuunganishwa upya hapo. Kazi hiyo naijua ugumu wake. Hata kabati la vipande sita likifumuliwa na mtu asiyetia alama, halirudi.

Sasa angalia juu ya huo moto wako. Kuna kichanja cha mbao kinaning'inia, cha kuzuia cheche zisirukie nyasi za paa. Moshi unakipita pembeni, unapanda mpaka kwenye paa, unapenya nyasi na kutoka nje. Ukipita unakausha nyasi na kufukuza wadudu, ndiyo maana wale wazee wanaojitolea bado wanakoka moto humo ingawa hakuna mwenye njaa. Nyumba imejengwa ipumue. Hata zile za paa la mwinamo mkali zilizotoka milimani, walikokuwa wakifuga viwavi vya hariri darini, joto la huo moto wa chini lilikuwa linapanda kuwasaidia viwavi. Chumba chako wewe kina dirisha la kioo lililozibwa mpira pembeni na mlango unaobana. Hewa itapita wapi? Na ile ya sumu haina rangi wala harufu, hutaisikia ikija.

Wala usidhani wao hawauogopi moto. Tarehe 26 Januari 1949 uliunguza ukumbi mkuu wa hekalu la Horyuji pamoja na michoro ya ukutani ya kale, na mpaka leo kila mwaka tarehe hiyo ni siku yao ya kukinga majengo ya kale na moto. Hao ndio wenye moto wao.

Pesa ya mwezi uliopita ilichelewa, mwenye makabati hajamaliza kunilipa. Kama ni bili ya umeme ndiyo iliyokupeleka kwenye mafuta ya taa, ungesema. Ungesema tu, ningehangaika.

Halafu picha zako, mwanangu, uso wako ninao tangu umezaliwa. Paa umelikata! Nyumba ya Kitamura, ya mwaka 1687, umesimama mlangoni unacheka, nguzo siioni, maungio siyaoni. Sakafu yake ya mianzi iliyopasuliwa angalau umeinasa vizuri, na imewachekesha wazee hapa: sisi mianzi tunagema ulanzi, wenzetu wanaikalia. Ukirudi huko, nipigie picha pale kombamoyo zinapokutana na boriti, nione kamba ilivyozungushwa, maana nasikia kwenye yale mapaa makubwa hakuna msumari. Na ile nyumba ya Iwate yenye zizi la farasi chini ya paa moja na watu, piga pale kwenye kona. Kuunganisha mapaa mawili kwenye kona bila kuvuja ni kazi. Mafundi wa siku hizi wangeweka bati na kuondoka.

Mwalimu anasema umeandika majina ya zile nyumba kwa maandishi yao bila kukosea. Sikumjibu kitu, lakini nilimnunulia soda.

Mama yako goti limepoa. Parachichi zimechumwa, dalali ametupiga bei, na ng'ombe yule mwekundu ana mimba. Mdogo wako hesabu bado, usimtumie tena michezo ya simu. Jiko la nje nimeliezua upande, linavuja juu ya kuni, nitalimaliza kabla mvua hazijachanganya.

Sikwambii ulitupe hilo jiko. Ukiwasha jioni, fungua dirisha kidogo, hata kama baridi inauma. Ukitaka kulala, zima kwanza, kisha lala na mablanketi mawili. Na umuulize mwenye nyumba kama anaruhusu mafuta ya taa, asije akakutoa. Huko wanauza kidude cha kubandika ukutani kinacholia hewa ikiharibika. Niambie bei yake, nitatuma pesa mwenye makabati akilipa, au asipolipa.

Randa ya Kijapani, ile ya kuvuta badala ya kusukuma, uliza pia bei. Lakini kidude kwanza.

Baba yako