Barua kwa mwanangu: waache wakimbie, we tafuta wa mwendo wako

Mwanangu, marahaba. Ile voisi uliyonitumia juzi usiku nimeisikiliza yote, sikukujibu palepale maana ningejibu kwa hasira, na sio hasira kwako, ni kwa hao wenzio. Yaani watu wanakualika mazoezini saa 11 alfajiri, unafika na raba zako mpya, wanaanza na spidi ya kufukuza mwizi, kilomita ya pili hata migongo yao huioni, halafu jioni kwenye grupu la WhatsApp wanakuandikia "kaza dada, hakuna kukata tamaa". Kaza nini sasa? Mtu aliyekuacha gizani Dodoma peke yako, bodaboda wanakupigia miluzi, asikwambie kaza.

Unasema unataka kuacha, hela ya usajili wa nusu marathoni ya Kili kule Moshi iende tu. Sikukatazi, hela ni yako na miguu ni yako. Ila kabla hujaamua ngoja nikwambie sisi huku Tabata tunafanyaje, maana na mimi na miaka yangu hii hamsini na ushee naenda hizohizo kilomita 21 na sijawahi kuzikimbia maishani.

Klabu yetu ya jogingi unaijua, ile ya fulana za njano, wanatoka Jumamosi wanaimba mchakamchaka mpaka mtaa mzima unaamka. Wale wa mbele ni wazuri, sina neno nao, ila kule nyuma tulikuwa tunabaki walewale kila wiki, mimi, fundi cherehani wa pale Bima, mwalimu mmoja mstaafu, kijana wa bodaboda aliyeambiwa na daktari apunguze presha, na dada mama lishe ambaye lazima awahi kurudi kukanda chapati. Ikafika siku tukasema basi, sisi ndo sisi, tuwe na utaratibu wetu.

Wa kwanza ni kwamba aliye mzito wa mwendo kuliko wote siku hiyo ndo anakaa mbele, na hakuna ruhusa ya kumpita. Inaonekana ni kitu kidogo lakini inabadilisha kila kitu, maana ukiwa nyuma unahisi unawachelewesha watu, ukiwekwa mbele wewe ndo unaongoza msafara. Na tunapima mwendo kwa maneno, hatuna saa za bei mbaya. Dada mama lishe anatusimulia ugomvi wa kikoba chao, na kile kikoba kina visa jamani, sasa akianza kukata sentensi katikati tunajua tumezidisha, tunapunguza mpaka hadithi iendelee. Ukiweza kuongea sentensi nzima uko sawa, ukishindwa unakimbia mbio za mtu mwingine.

Na tunatembea. Dakika nne tunakimbia, moja tunatembea, tangu mwanzo, sio mpaka tuchoke. Wenzio wakikucheka waambie Mmarekani Jeff Galloway, aliyekimbia Olimpiki ya 1972, ndo aliyeieneza hii njia ya kukimbia na kutembea na watu wengi wamemaliza marathoni kwa staili hiyo.

Lakini kubwa kuliko yote, hatudanganyani umbali. Hii mimi ndo niliipigania. Si unajua Waswahili tulivyo na "hapo tu mbele"? Mtu kachoka, unamwambia tumefika, anajikaza, anafika hapo mbele hamna kitu, anakaa chini na hainuki tena. Sasa juzijuzi tulienda njia ya Kinyerezi, mwalimu akakaa kwenye kalavati akasema nendeni mi napanda daladala. Yule kijana wa bodaboda hakumwambia kaza wala nini, alikaa naye pale, akafungua kamba za raba zake akazifunga upya taratibu, halafu akasema, "Mwalimu, kutoka hapa mpaka kwa mama wa supu ni kilomita tatu, kuna mlima mmoja, ule tunautembea wote, tambarare tunakimbia mdogomdogo." Basi. Mwalimu akauliza mlima gani, ule wa kwenye mbao? Akaambiwa huohuo. Akanyamaza kidogo, akainuka. Supu alikunywa bakuli mbili na bili akamwachia fundi.

Nakwambia haya kwa sababu Moshi hakuna kudanganyana, njia itakusema yenyewe. Nusu marathoni ya Kili ukishatoka mjini unapanda kuelekea Mweka, unapanda tu, migomba kushoto kulia na watoto wanakupigia makofi, halafu ndo unageuza na kushuka. Watu wengi wanaogopa kupanda, mi naogopa kushuka, maana mapaja ndo yanapigwa huko. Kwa hiyo tafuta kilima huko uliko uzoee kukishuka polepole, Dodoma vilima vipo tele. Tena we una bahati, uko zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, Moshi kwako hewa haitakuwa ngeni, sisi wa Dar tunatoka na joto la baharini ndo tutajua hatujui.

Umesema unaogopa kuwa wa mwisho. Najua utaambiwa habari za mzee Akhwari, kila mtu akiwa wa mwisho Tanzania hii anafarijiwa na Akhwari, yule mkimbiaji wetu wa marathoni Olimpiki ya Mexico 1968. Mi sipendi sana ile faraja, yule alikuwa mkimbiaji haswa, alianguka akaumia goti na bado akamaliza, sisi wengine goti zima kabisa ila ni wazito tu, tumwache mzee na heshima yake. Na Simbu naye, Mtanzania mwenzetu, siku ile ya Tokyo 2025 anachukua dhahabu ya dunia ya marathoni kwa tofauti ya sekunde 0.03 mimi nilipiga kelele mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini, lakini kesho yake sikukimbia haraka zaidi hata kidogo. Kilichonitoa kitandani kesho yake ni fundi cherehani kugonga geti.

Ndo maana nasema tafuta watu wawili tu, sio grupu la watu mia na skrini shoti za apu kila asubuhi, nani kakimbia kilomita kwa dakika ngapi, mambo ya kutafutana presha tu. Yule mpangaji mwenzio anayelalamika kitambi, na yule dada wa ofisini kwenu uliyesema anatembeaga jioni. Wapya wenzio. Mkubaliane mnatoka saa 12 kukiwa na mwanga, mtu asipokuja anafuatwa mlangoni, sio kutumiwa meseji. Na asiyekuja wiki nzima msimseme kwenye grupu, muulizeni kama yuko salama, watu wana mambo yao.

Mengine unayajua. Mbio ndefu mara moja kwa wiki, unaongeza kidogokidogo, ukifika kilomita 16 au 18 inatosha kabisa, wiki mbili za mwisho unapunguza, usije ukataka kujipima 21 yote kabla ya siku yenyewe. Kata kucha za miguu, paka mafuta ya mgando kwapani na katikati ya mapaja, nakwambia bila aibu maana mi nilioga siku moja nikaruka kwa maumivu. Raba hizo mpya zivae kuanzia sasa, siku ya mbio usijaribu kitu kipya chochote, iwe raba, sidiria, wala jusi ya kupewa. Na usiende na njaa, viazi vitamu au uji asubuhi mapema, unajua tumbo lako.

Siku hiyo we na mimi tutaanza pamoja, aliye mzito atakaa mbele, na najua atakuwa mimi. Ukijisikia vizuri wakati wa kushuka nenda, nakupa ruhusa. Fundi na mwalimu watakuwa na mimi na ile hadithi ya kikoba bado haijaisha, kuna mweka hazina kapotea.

Namba yako ya kukimbilia ntakuchukulia huku Dar, nitumie picha ya kitambulisho na ile imeili ya usajili, na uniambie fulana saizi gani maana mwaka huu nasikia zinabana. Basi la Moshi ukate tiketi mapema, wikiendi ile huwa zinajaa. Ukija niletee na zabibu.

Mama yako.