Msimpe mwanangu sigara kwa jina la sayansi

Ndugu Mhariri,

Habari ya ukurasa wa afya iliyodai kwamba kuvuta sigara hupunguza hatari ya saratani ya ngozi bila shaka unaikumbuka. Nimelisoma gazeti lako tangu ujana wangu bila kukuandikia hata mara moja, lakini safari hii siwezi kunyamaza.

Mwanangu ana ualbino. Tangu alipokuwa mchanga tumepambana na jua kwa kofia pana, mikono mirefu na losheni ambayo mara nyingi haipatikani, kwa kuwa tumewazika watu wenye hali kama yake wakiwa bado vijana. Siku chache baada ya habari yenu alirudi kutoka kazini akinuka tumbaku, na mfukoni mwa shati alikuwa na kipande cha gazeti lako alichokatiwa na wenzake wa kijiweni, waliomwambia kwamba yeye ndiye anayehitaji sigara kuliko wote. Nilitetemeka kwa hasira. Kijana aliyelelewa kwa hadhari yote hiyo alikuwa amepewa sumu akiamini kuwa ni kinga, na mwandishi wenu hakuona haja ya kueleza kwamba uchunguzi wa namna ile huhesabu tu nani anavuta na nani ameugua. Kwamba mvutaji anaweza kufa kwa maradhi ya mapafu au ya moyo kabla melanoma, saratani ya ngozi inayoanzia kwenye seli za rangi, haijajitokeza. Na kwamba melanoma, ambayo ndiyo iliyozungumzwa, ni nadra kwa watu wenye ualbino barani Afrika. Wao husumbuliwa zaidi na saratani ya seli bapa, aina nyingine ya saratani ya ngozi, na tafiti kadhaa zimeonyesha kwamba wavutaji huipata hiyo kwa wingi zaidi, si kwa uchache.

Watafiti wenyewe wanaujua udhaifu huo wa kuhesabu tu, ndiyo maana wameigeukia elimu ya jeni. Mtoto hurithi jeni zake kwa bahati nasibu, kama mtawa Gregor Mendel alivyoonyesha kwa njegere mwaka 1866, na bahati hiyo haimtazami tajiri wala maskini, anayeshinda juani wala anayeshinda kivulini. Lipo badiliko katika jeni ya CHRNA5, kwenye kromosomu ya 15, ambalo wavutaji walio nalo huelekea kuvuta sigara nyingi zaidi kwa siku. Wakilinganishwa waliorithi badiliko hilo na wasiolirithi, athari ya tumbaku yenyewe inaweza kupimwa bila kuchanganywa na kipato, kazi au jua, mradi jeni hiyo isiwe na njia nyingine ya kuigusa saratani. Sharti hilo ni zito. Gazeti lako halikutaja hata kwamba njia hiyo ipo.

Tena liko jambo linaloniuma hata katika tafiti hizo za jeni. Hazina ya taarifa za afya na jeni inayotegemewa sana, UK Biobank ya Uingereza, iliandikisha watu wapatao nusu milioni wa umri wa miaka 40 hadi 69 kati ya 2006 na 2010, na walio wengi mno ni Wazungu. Ualbino ulioenea kwetu hutokana zaidi na jeni ya OCA2, na ngozi hiyo hukaa chini ya jua la Mwanza, si la Manchester. Kumtangazia msomaji wa hapa matokeo ya huko bila kusema yametoka kwa nani ni kumdhulumu.

Naomba basi kila habari ya saratani itanguliwe na mistari mitatu, kwa herufi zenye ukubwa uleule wa habari yenyewe: waliochunguzwa ni watu gani na wa wapi; ni saratani ya aina ipi; na kama chanzo kimechunguzwa au wagonjwa wamehesabiwa tu. Mistari hiyo iwekwe juu, maana anayekata gazeti kwa mkasi huyaacha ya chini. Na sahihisho la habari ile lichapishwe katika ukurasa uleule wa afya, kabla kipande kile hakijafika kwenye kijiwe kingine.

Mzazi,
Mwanza