Mashine imewashwa Januari, mume wangu anataka tuwaandikie watu wa kodi kwamba ni Desemba. Naombeni ushauri

Habari zenu wapendwa, poleni na majukumu. Naombeni mnisome mpaka mwisho mana jambo lenyewe lina kona nyingi, na huku nilipo sina mtu wa kumweleza bila habari kufika kanisani siku hiyo hiyo.

Naishi Lewiston, jimbo la Maine, Marekani. Mimi ni Mkongo ila nimekulia kambini Nyarugusu, Kigoma, mume wangu pia, na tuna watoto watatu. Nyumba tulinunua 2023, ni ya zamani sana, ya mbao, na ilikuwa inapashwa joto na boila ya mafuta iliyoko basementi pamoja na tenki la galoni 275. Anayeishi Maine anajua hiyo habari, huku nyumba nyingi bado zinachoma mafuta, na kampuni inayotuletea sisi haileti chini ya galoni 100, kwahiyo hata kama mfukoni una hela ya galoni 40 na nje kuna theluji hawakusikilizi, mpaka upate hela ya zote 100. Miaka miwili ya kwanza winta ilikuwa inatumalizia akiba yote, nafanya kazi ya kuhudumia wazee nursing home, mume wangu yuko warehouse (ghalani) usiku, na bado Februari inatukuta hatuna kitu.

Ndio mwaka jana tukaamua kufunga hiti pampu. Kwa wasiozijua ni zile mashine kama AC ya ukutani, ila zenyewe zinavuta joto la hewa ya nje na kuliingiza ndani, hata nje ikiwa nyuzi 15 chini ya sifuri zinafanya kazi, na kiangazi zinageuza zinapoza nyumba. Maine walijiwekea lengo la kufunga 100,000 kufikia 2025 wakalifikisha 2023, mana yake majirani wengi wanazo na wengi wanazisifia, sio kitu cha kubahatisha.

Aliyetuletea hiyo biashara ni kaka mmoja wa jamii yetu anayefanya uagenti kwa kontrakta mmoja wa huku. Yeye ndie alikuwa anatutafsiria kila kitu, na mume wangu anamwamini mana tunasali nae. Kwotesheni ilikuwa dola 14,400 kwa mashine tatu za ndani. Akatuonyesha hesabu kwenye karatasi: rebeti ya jimbo, yaani sehemu ya gharama unayorudishiwa, kupitia Efficiency Maine (taasisi ya jimbo ya kubana matumizi ya nishati), ambayo inategemea kipato na sisi tukaangukia kundi la kati, dola 6,000. Alafu chini yake imeandikwa krediti ya kodi ya federali, yaani ya serikali kuu ya Marekani, dola 2,000. Imeandikwa kabisa, ninayo hiyo karatasi.

Hiyo ya federali niwaeleze vizuri mana ndio kiini cha ugomvi. Ilikuwa kwenye sheria ya Biden ya 2022, unapunguziwa kodi kwa asilimia 30 ya gharama, kwa hiti pampu isizidi dola 2,000 kwa mwaka, na ilitakiwa iendelee mpaka 2032. Sasa Julai 4, 2025 Trump akasaini sheria mpya, na humo ndani krediti hii ikakatwa, mwisho wake Desemba 31, 2025. Rebeti ya jimbo haikuguswa, hiyo ni mfuko mwingine kabisa, watu wengi wanachanganya hivi viwili na hata mimi agenti alipokuwa anaongea nilikuwa nasikia "hela za serikali" tu kama vile zinatoka sehemu moja.

Tulisaini mkataba Novemba. Tulitoa advansi ya dola 4,000, na kwenye mkataba imeandikwa kazi itakamilika takriban Desemba 19. Kwanza ilibidi paneli ya umeme ibadilishwe mana ya zamani ilikuwa ndogo, hiyo tulimlipa fundi umeme mwingine na akaimaliza mwanzoni mwa Desemba, ikakaguliwa na mtu wa jiji, safi kabisa. Baada ya hapo tukawa tunasubiri kontrakta. Kila mtu Marekani nzima alikuwa anakimbizana na hiyo tarehe ya mwisho kwahiyo mafundi walikuwa wamejaa, hilo nalielewa. Kabla ya Krismasi wakaleta maboksi wakayaweka gereji, wakatuma invoisi ya tarehe 22 Desemba, wakasema wanarudi wiki inayofuata. Hawakurudi. Wamekuja katikati ya Januari, wakatoboa kuta, wakafunga, wakawasha, wakapiga picha, wakaondoka.

Mashine zenyewe sina la kusema, nyumba ina joto, watoto wanalala bila makoti. Tatizo ni karatasi.

Sasa tumefika msimu wa kufaili kodi ya 2025 na mume wangu anataka tujaze fomu 5695, ile ya kudai hiyo krediti, tudai zile dola 2,000 kana kwamba mashine zimefungwa Desemba. Hoja zake sio za kijinga jamani, nazileta kama anavyozisema ili mnishauri kwa haki. Anasema invoisi ni ya Desemba. Anasema advansi tulitoa Novemba. Anasema mashine zilikuwa ndani ya uzio wetu, kwenye gereji yetu, tangu kabla ya Krismasi, na waliochelewa ni wao sio sisi. Na anasema serikali yenyewe iliahidi mpaka 2032 ikageuka katikati ya safari, kwahiyo nani amemdanganya nani.

Mimi nimekaa na simu usiku nikisoma maelezo ya IRS (hao watu wa kodi wa federali) pole pole na kamusi pembeni, na ninachoelewa ni kwamba wao hawaangalii ulilipa lini wala boksi lilifika lini, wanaangalia ilimaliza kufungwa na kuanza kutumika lini. Kama ulilipa 2025 ila imefungwa 2026, basi haihesabiki. Sijaona mlango hapo. Na agenti nilipompigia akaniambia dada usiwe na wasiwasi, alafu akanitumia meseji kwamba tuandike tarehe ya invoisi, kila mtu anafanya hivo, hakuna atakayekuja kuchungulia ukutani. Hiyo meseji ninayo.

Shida ni kwamba kuna karatasi nyingine. Ile rebeti ya jimbo iliombwa na kontrakta mwenyewe, na kwenye ombi lake ameweka tarehe ya kweli ya Januari na picha za siku ile. Pemiti ya kufunga nayo ni ya Januari. Kwahiyo jimbo lina Januari, jiji lina Januari, alafu sisi tupeleke Desemba federali tena kwa kusaini kwamba tunaapa ni kweli? Tena tunafaili pamoja kama wanandoa, mana yake sahihi ni mbili, yake na yangu, na deni likija ni la wote wawili.

Na kinachoniondolea usingizi kabisa ni uraia. Mwakani tunafikisha muda wa kuomba. Fomu ya kuomba uraia, N-400, ina swali kama umewahi kumpa afisa wa serikali ya Marekani taarifa yoyote ya uongo au ya kupotosha. Nimelisoma hilo swali mara nyingi sana. Mimi nimeishi miaka yangu mingi nikiwa na karatasi ya UNHCR tu, najua mtu anavyojisikia pale maisha yake yote yanaposubiri afisa mmoja aamini alichoandika. Siwezi kukaa mbele ya afisa wa uhamiaji niinue mkono niseme hapana huku najua kuna Desemba moja ya uongo kwenye faili langu. Mume wangu anasema nakuza mambo, watu wa kodi na watu wa uhamiaji ni ofisi mbili tofauti. Labda ni kweli hawaongei. Lakini mimi ndie ntakaeulizwa na mdomo ni wangu.

Upande wa pili hela yenyewe sio ndogo kwetu. Ile sehemu ya mwisho ya malipo niliikamilisha kwa kukopa dola 2,000 kwenye kikoba chetu cha kina mama, nikawaambia rifandi ya kodi ikitoka nalipa. Niliwapa ahadi kwa kuangalia ile hesabu ya agenti. Kina mama wenyewe wengine ni wajane, hela zao zinatakiwa zizunguke, na mwezi wa tano kuna mwenzetu anazitegemea kwa ajili ya nauli ya mtoto wake anayekuja. Kwahiyo mume wangu anaponiuliza sasa wewe utawalipa na nini, nakosa jibu na tunalala kila mtu ameangalia ukuta wake.

Kuna kitu kingine ambacho agenti hakutuambia, na hiki nawaomba wenye ndugu huku wawafikishie. Ile krediti hata kama ungeistahili haikuwa hela ya kupewa mkononi. Inafuta kodi unayodaiwa tu. Kama kodi yako ya federali ya mwaka huo ni dola 700, inafuta hizo 700, iliyobaki imepotea, huwezi hata kuihamishia mwaka unaofuata. Familia ngapi za kipato kama chetu zimeandikiwa 2,000 kwenye karatasi na mtu ambaye hajawahi kuuliza wanadaiwa kodi kiasi gani? Hili linaniuma sana kwa kweli, mana watu wetu wanasaini kwa kuangalia namba ya mwisho chini ya ukurasa, na aliyeiandika hiyo namba ni mtu wanayemwita ndugu.

Sasa maswali yangu ni haya, na naomba wenye uzoefu wanijibu hasa mlioko Marekani.

La kwanza, je ninaweza kumdai kontrakta zile 2,000? Nimesoma kwamba Maine kuna sheria ya mikataba ya ujenzi wa nyumba, kazi ikizidi dola 3,000 lazima mkataba uwe wa maandishi, uonyeshe tarehe ya kuanza na ya kumaliza, na advansi isizidi theluthi moja. Mkataba wetu una tarehe, ila wameweka neno "takriban". Na krediti iko kwenye kwotesheni, haiko kwenye mkataba wenyewe. Kuna aliyewahi kupeleka kitu kama hiki kwa mwanasheria mkuu wa jimbo, kitengo cha kulinda walaji, akasaidiwa? Au nianze na barua tu kwa kontrakta mwenyewe nimwombe apunguze bili? Nikifanya hivo yule kaka wa kanisani atapoteza kazi na lawama itakuja kwetu, hilo nalo silichukulii juu juu.

La pili ni ile paneli ya umeme. Yenyewe ilimalizika Desemba kihalali, na sheria ilikuwa inaruhusu asilimia 30 isizidi dola 600 kwa paneli, ila kwa sharti kwamba imefungwa sambamba na kifaa kinachostahili. Yetu imefungwa 2025 na kifaa chake kimekuja 2026. Kuna mtaalamu wa kodi anaejua kama hiyo inakubalika? Nikipata hata hizo 600 kwa haki ntazipeleka kikoba zote.

La tatu, na hili nawauliza zaidi kina dada mlioolewa. Mume wangu sio mwizi, ni mtu amechoka, amehesabu hela ambayo aliambiwa ni yake. Nikikataa kusaini ataona nimechukua upande wa serikali dhidi ya nyumba yangu. Kuna wazee wawili wa Kigoma anaowaheshimu huku, nimefikiria niwaombe wakae nae, lakini naogopa kumwaibisha kwa jambo ambalo bado hajalifanya. Mnaonaje, niende kwa wazee, au kwanza twende wote wawili kwa mtu wa kodi asiyetujua, amsikie mwingine akisema na sio mimi?

Mwisho wa kufaili ni Aprili 15. Anataka tupeleke Jumamosi hii ili rifandi iwahi. Naomba anaejua anijibu kabla ya hapo, na tafadhali msimtukane mume wangu.

Mama wa watatu, Lewiston