Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama, 2024

Ndugu wanachama, madereva wenzangu wa malori hapa Marekani,

Nawasalimu mliofika, na wale ambao viti vyao navitazama hapa vikiwa vitupu nawasalimu pia, watafikishiwa. Misiba mitatu tuliyochangia mnaijua, nyama choma ya Julai mliila, na wageni wetu kutoka Iowa tuliwapokea vizuri. Kuhusu hayo sina la kuongeza.

Niingie kwenye jambo linalozungumzwa pembeni kila malori mawili yakiegeshwa pamoja: redio.

Mwezi Machi kamati ilinunua redio 20 za CB, zile za kuongea lori kwa lori, zenye FM, yaani njia ya kurusha sauti yenye mikwaruzo kidogo kuliko AM ya zamani, kwa dola 3,400. Tangu siku hiyo nimeitwa majina, na kuna aliyesema nimechukua fedha za misiba nikanunua midoli. Fedha hizo zilitoka kwenye mfuko wa vifaa, ambao kwa katiba yetu unasimamiwa na kamati. Mweka hazina yupo, aulizwe.

Mliokuja nchi hii zamani mtakumbuka simulizi za madereva wazee. Chaneli za CB zilikuwa 23, mwaka 1977 zikawa 40, na 1983 leseni ikafutwa, ndiyo maana mtu yeyote anaweza kuwasha na kusema. Mwaka 2017 Tume ya Mawasiliano, FCC, iliondoa katazo la kuzungumza na mtu aliye zaidi ya kilomita 250. Julai 2021 ikaruhusu FM. Taarifa hiyo niliisoma mimi mwenyewe usiku nikiwa nasubiri kupakuliwa mzigo, na niliileta kwenye kamati kabla hata mmoja wenu hajaisikia. Sidai sifa, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Lawama kubwa ni hii: chaneli 19, ile ya madereva wa malori, watu wote wako AM, sasa kwenye FM tutaongea na nani? Anayeuliza hivyo hajaitoa redio kwenye boksi. Tume ilisema kila redio ya CB lazima ibaki na AM; FM ni nyongeza, unahama kwa kubonyeza kitufe. Kwenye 19 tubaki AM, tuwasikilize wenzetu Wamarekani wakitaja ajali iko maili ngapi. Tukiwa malori yetu matatu au manne kwenye barabara kuu ya I-80 kule Wyoming, upepo unatikisa trela, tunahamia chaneli iliyo tupu, tunabonyeza FM, mikwaruzo ya injini inapungua na Kiswahili kinasikika. Chaneli 9 tusiiguse, ni ya dharura.

Nakiri kwamba Machi nilisema FM itafika mbali zaidi. Hapo nilitia chumvi. Nguvu ni wati 4 zile zile. Lakini waliokuja kuomba chama kiwanunulie mashine za kuongeza nguvu niliwakatalia, na nitawakatalia tena, kwa sababu hizo sheria inazipiga marufuku.

Wengine wanasema WhatsApp inatosha. Tangu Januari 2012 kanuni za shirikisho zinamkataza dereva wa lori kushika simu akiendesha, na faini iliyotangazwa kwa dereva ilikuwa hadi dola 2,750. Redio ya CB haikuhesabiwa kuwa simu. Mwenzetu aliyekamatwa akirekodi ujumbe wa sauti alikuja kwangu kuomba mchango wa faini. Huyo huyo ndiye anayeongoza kupinga redio. Simtaji.

Mbona hatukupiga kura? Niliitisha mkutano mara tatu. Wa kwanza walikuja 11, wa pili 9, wa tatu 6, na mmoja wa hao sita alikuwa amempitia tu mkewe. Tuko 64. Somo la kufunga antena nililipanga Jumamosi, nikaleta chai na maandazi kwa fedha yangu, tukayala watu wanne. Asiyekuja kikaoni asije kunihukumu kwa simu usiku wa manane.

Ada ni dola 20 kwa mwezi. Waliolipa mwaka mzima ni 23. Wengine wamelipa nusunusu, na 14 hawajatoa hata senti. Tulianza mwaka na dola 4,180, tukakusanya 6,910, tukatumia 7,235 redio zikiwemo, zimebaki 3,855. Tungekusanya ada yote tungepata 15,360, na kelele hizi zisingekuwepo.

Mwaka ujao tunatumaini kuongeza redio, pengine na vifaa vya kusikilizia masikioni, na ikiwezekana kufungua tawi huko kaskazini. Tutaona.

Redio saba bado ziko kwenye maboksi majumbani mwenu, na nasikia moja imepakiwa kwenye kontena la Mombasa. Anayehusika anajijua. Zirudishwe kwa mweka hazina kabla ya mwisho wa Februari.

Mwenyekiti