Hamisi, ngoja nikwambie huyu Ichiro ni nani

Hamisi ndugu yangu, mambo? Huku Tukwila, karibu na Seattle, Marekani, wote wazima, shemeji yako anakusalimia sana na watoto wanakua hadi nguo hazikai mwilini.

Voisi yako ya juzi nimeisikiliza mara mbili kwenye basi nikienda kazini. Uliposema kocha kakwambia miaka 34 winga gani, kaa benchi waachie vijana, roho imeniuma kweli maana nakujua, mpira kwako sio kitu cha jana toka tuko wadogo Tandika. Afu mwishoni ukauliza huyo Mjapani ninayemweka status kila siku ni nani. Nikaona hili siwezi kulijibu kwa voisi ya dakika moja, kaa nikuandikie.

Anaitwa Ichiro Suzuki, alikuwa anacheza besiboli, sa hivi kastaafu. Nafasi yake ilikuwa uwanja wa nje upande wa kulia, yaani wale jamaa watatu wanaosimama mbali kabisa nyuma kusubiri mipira mirefu. Unaweza kukaa kule dakika ishirini hujagusa kitu, afu ghafla unakuja mmoja na mechi nzima iko mkononi mwako. Wewe winga utanielewa.

Kazaliwa 1973 kule Aichi, Japani. Baba yake alikuwa anamfundisha mwenyewe, na mtoto akiwa darasa la sita akaandika insha shuleni kwamba toka darasa la tatu katika siku 365 za mwaka anafanya mazoezi makali siku 360. Mtoto huyo Hamisi! Akaja kuingia timu ya Orix kule Kobe, na Januari 1995 Kobe ikapigwa na tetemeko lililoua maelfu ya watu, mji umelala chini, timu ikashona kwenye nguo maneno ya kuutia moyo mji na mwaka huohuo wakachukua ubingwa wa ligi yao. Miaka 7 mfululizo, 1994 mpaka 2000, yeye ndo mpigaji bora wa ligi ile.

2001 akaja hapa Seattle ana miaka 27. Kabla yake walikuwa wameshakuja warushaji wa Kijapani, yaani wale wanaomrushia mpigaji mpira, ila mtu wa kuja kupiga na kukimbia kila siku hakuna. Watu wakasema mwembamba huyu, warushaji wa Marekani watammaliza. Msimu wake wa kwanza akapata hiti 242 (hiti ni kupiga mpira ukafika salama kwenye besi, vile vituo vya kukimbilia), akaiba besi 56 (yaani kuchomoka kwenda besi ya mbele bila mpira kupigwa), akachukua tuzo ya mchezaji mpya bora na ya mchezaji bora wa ligi kwa mwaka mmoja, na Seattle ikashinda mechi 116! Na Aprili ya mwaka huo, Oakland, jamaa mmoja Terrence Long alikuwa anakimbilia besi ya tatu, Ichiro akauokota mpira kule kulia akaurusha ukaenda umenyooka kama kamba ya kuanikia nguo, ukafika kabla ya jamaa. Nenda Yutyubu uitafute hiyo.

Sasa kitu kinachonifanya nimpende ni hiki. Kwenye besiboli mashabiki wengi wanataka homurani, upige mpira utoke nje ya uwanja utembee zako taratibu. Yeye hakuhangaika nazo sana. Mwaka 2004 alipata hiti 262, akavunja rekodi ya George Sisler ya 257 iliyokaa toka 1920, na kati ya hizo 262 homurani ni 8 tu, 225 ni za kufika besi ya kwanza basi. Angalia anavyofanya: anapigia kushoto, na upande huo uko hatua kama mbili karibu na besi ya kwanza, afu gongo linapogusa mpira mguu wake umeshaanza safari, kwahiyo hata mpira ukidunda pole pole hapo ndani, mpaka mtu auokote na kuurusha, yeye zile mita 27 kashazimaliza. Yaani kale kampira ambako mwenzake angekasirikia, kwake ni hiti halali. Na siku anavunja rekodi familia ya Sisler ilikuwa jukwaani, akaenda mpaka pale kuwasalimia. Misimu 10 mfululizo hakushuka chini ya hiti 200, hakuna mwingine kafanya hivyo mfululizo kwenye ligi hii. Magongo yake alikuwa anayatunza kwenye boksi maalum yasipate unyevu, glovu anasafisha mwenyewe, kunyoosha viungo kabla na baada ya mechi hakosi. Mwili wake ulidumu kwa mambo hayo.

Sasa Julai 23, 2012, mimi nilikuwepo. Jirani yangu mzee mmoja alikuwa na tiketi ya ziada akanichukua. Tunafika, tunaambiwa Ichiro kauzwa New York Yankees leo leo, na wanaocheza na sisi usiku huu ni haohao Yankees. Ana miaka 38, hiti zimepungua, watu washaanza kusema kaisha. Akatoka na nguo ya wageni, namba 31 badala ya 51 yake, uwanja mzima ukasimama. Akavua helmeti akainama. Yule mzee pembeni yangu machozi yakamtoka, na mimi ambaye sheria za mchezo nilikuwa nazijua nusunusu nikajikuta nalia naye. Afu jamaa akashika gongo, akapiga hiti, akaiba besi ya pili, hapohapo!

Na hakuisha. Agosti 2016 yuko Miami ana miaka 42, akafikisha hiti ya 3,000 ya Marekani kule Denver, akafika mpaka besi ya tatu kwa mbio. Ukijumlisha na za Japani amemaliza na 4,367. Kuna wanaobisha za Japani zisihesabiwe, mimi siafiki kabisa, mpira aliupiga yeye. Mechi ya mwisho ilikuwa Tokyo, Machi 2019, karudi kuichezea Seattle ana miaka 45, usiku ule hakupata hiti hata moja, na bado mechi ilipoisha watu walibaki wamekaa mpaka akatoka tena kuwaaga. Mwaka 2025 wakampigia kura kuingia Ukumbi wa Heshima wa besiboli, kura 393 kati ya 394.

Hamisi, kocha wako ana mamlaka ya kikosi chake, kwa hilo siwezi kubishana naye kutoka huku. Ila mazoezi ya alfajiri usiache, nakuomba. Na ule msuli wa nyuma ya paja uliosema unakuvuta, nenda kaoneshe, fedha nitatuma Ijumaa.

Disemba nakuja. Nimeshanunua glovu mbili, moja ya mkono wako wa kushoto. Tutaenda palepale kiwanjani asubuhi kabla ya jua kali, wewe ukae mbali upande wa kulia, mimi nipige.

Msalimie mama sana.

Ndugu yako,
Shabani