Barua ya wazi kwa vijana wa jiolojia: basalti moja haifanyi bahari

Wanangu mnaosomea miamba,

Rasimu zenu nimezisoma. Nyingi zinakwenda mwendo uleule: sampuli ya basalti (lava nyeusi iliyoganda), maabara, nukta kwenye mchoro wa pembetatu unaokisia kwa kemia basalti ilizaliwa wapi, kisha mnatangaza kwamba hapa palikuwa na bahari. Polepole.

Najua kinachowavuta. Sakafu ya bahari iliyopo leo, karibu yote, haijafikisha miaka milioni 200; ya kale zaidi imekwisha kuzama ndani ya dunia. Bahari zilizotangulia tunazijua kwa vipande vilivyobanwa na kupandishwa nchi kavu mabara yalipogongana. Mojawapo ni Bahari ya Msumbiji, iliyofungika bara kuu la kale la Gondwana lilipokuwa likiungana, zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Mabaki yanayohusishwa nayo yako Sekerr na Baragoi nchini Kenya, na Moroto, Uganda.

Mchoro wenyewe sina ugomvi nao. Wanajiolojia Pearce na Cann waliutoa mwaka 1973 wakitegemea titani, zirkoniamu na itriamu, ambazo maji ya moto hayazihamishi kirahisi kama yanavyohamisha sodiamu na potasiamu. Lakini mwaka huohuo mwanajiolojia Akiho Miyashiro aliitazama kemia ya miamba ya milima ya Troodos, kisiwani Cyprus, mahali palipohesabiwa kuwa sakafu ya katikati ya bahari, akasema huenda palikuwa tao la visiwa vya volkano, vinavyoota pale bamba la ganda la dunia linapozama chini ya jingine. Mabishano yakawaka. Hata miamba ya Semail ya Oman, yenye takriban miaka milioni 95, ambako unapanda kutoka miamba ya mantili, tabaka lililo chini ya ganda la dunia, hadi gabro, mwamba uliopoa polepole chini ya lava, hadi lava zilizoumuka kama mito ya kulalia, kemia ya lava nyingi inaonyesha kwamba chini yake kulikuwa na bamba linalozama. Bahari ilikuwepo, ndiyo, ila si lazima iwe ile pana mnayopenda kuichora kwenye ramani.

Kwa hiyo nendeni kwanza mkaone mpaka wa mwamba wenu na jirani yake. Je, ulisukumwa ukapanda juu yake, au lava ilimwagika tu juu ya granaiti ya bara? Kama ilimwagika, pengine bara lilianza kupasuka likaishia hapo, na bahari haikufunguka kamwe. Umri nao msiutafute kwenye basalti, maana zirkoni, chembe za madini tunazopimia umri, humo ni adimu, jaribuni gabro.

Kazi ninayoipenda ni ya Isimani, upande wa Iringa. Lava pale haina tena sura ya lava. Imekuwa eklojiti, mwamba wa kijani wenye chembe nyekundu za ganeti. Mwaka 1995 Möller na wenzake walionyesha kwamba kemia yake inafanana na basalti ya sakafu ya bahari. Hawakuishia hapo: madini yake yalionyesha ulikwishashuka makumi ya kilomita chini ya ardhi, na umri ukatoka takriban miaka milioni 2,000.

Anayekwenda Baragoi msimu huu achore mipaka yote kwanza, ndipo ashike nyundo. Daftari nitalitaka kabla ya majibu ya maabara.

Mzee wenu