Tunalilaumu wingu la Kibo kabla ya kulitazama

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu, kwa heshima zote, msomaji mwenzangu aliyelalamika kwamba wageni wake walikaa hapa Moshi siku nne mwezi wa Julai na wakapanda basi la kurudi kwao bila kuuona mlima Kilimanjaro hata mara moja, kwa sababu ya mawingu. Uchungu wake naufahamu, maana kila mwenyeji wa mji huu amewahi kusimama barazani na mgeni wake akimwonyesha kwa kidole mahali ambapo Kibo, sehemu ya juu kabisa ya mlima huo, kingeonekana kama kisingefunikwa. Hata hivyo, sikubaliani naye anaposema kwamba wageni wale hawakuona kitu. Waliona wingu kwa siku nne mfululizo. Ila hapakuwa na mtu wa kuwaeleza wanachokiona.

Kosa si lake peke yake. Sisi tunaozungumza Kiswahili tumelelewa na methali isemayo dalili ya mvua ni mawingu, na methali hiyo, pamoja na ukweli wake wote, imetuzoesha kulipokea wingu kama tarishi: tunamuuliza kaleta nini, kisha tunamfungia mlango. Mkulima wa kihamba, yaani shamba la migomba na kahawa la nyumbani, hulitazama ili ajue kama apande, na marehemu mama yangu alilitazama ili ajue kama tukimbie kuanua kahawa iliyokuwa juani. Siwabezi hata kidogo, kwa kuwa wingu hilohilo likizidi hung'oa migomba na kuzoa vidaraja. Ninachosema ni kwamba tarishi mwenyewe hatujapata kumtazama usoni.

Chukua uzito wake tu. Lile wingu jeupe la mchana, lenye kitako bapa na kichwa kilichofura kama koliflawa, ambalo watoto husema ni pamba, lina takriban nusu gramu ya maji katika kila mita moja ya ujazo. Hiyo huonekana si kitu, mpaka ukumbuke kwamba wingu lenye urefu, upana na kimo cha kilomita moja lina mita za ujazo bilioni moja, na kwa hiyo limebeba tani 500 hivi za maji, yaani mzigo wa malori 50 ya tani 10. Mzigo huo hautuangukii kwa sababu umegawanyika katika matone madogo mno, yenye upana wa kama sehemu mbili za mia za milimita, ambayo hushuka kwa mwendo wa sentimita moja hivi kwa sekunde, na hewa inayopanda kutoka chini huyarudisha juu kabla hayajafika popote. Ili lipatikane tone moja la mvua ya kawaida, hubidi matone ya namna hiyo yapatayo milioni moja yaungane.

Mwenye kuamka mapema hapa Moshi anajua kwamba saa kumi na mbili asubuhi, ukiacha masika na kipupwe, Kibo mara nyingi huwa wazi kabisa, na kufikia saa nne au saa tano huanza kujifunika. Tumezoea kusema mlima umejificha, kana kwamba una haya. Kumbe jua limeipasha joto miteremko, hewa iliyoigusa imekuwa nyepesi na kuanza kupanda kutoka mashamba ya chini, ikichukua unyevu wa migomba na wa msitu. Na kwa kuwa hewa inayopanda hutanuka na kupoa, kwa nyuzi 10 hivi kwa kila mita 1,000 kabla wingu halijaanza, hewa hiyo hufika kimo ambacho haiwezi tena kuubeba mvuke wake wote, na sehemu ya mvuke hugeuka matone. Wingu huanzia hapo, na ndiyo sababu kitako chake huwa bapa kama kilichopigwa randa. Jioni miteremko hupoa, hewa hushuka, na mlima hufunuka. Mji wetu uko kwenye mita 800 na ushee, kilele cha Uhuru kiko kwenye mita 5,895, na shughuli hiyo yote hufanyika katikati, kila siku, mbele ya macho ya watu waliosimama stendi wakisubiri daladala.

Wingu la Julai lililowaudhi wageni ni la namna nyingine. Hilo hutanda chini kama blanketi, nasi tukavaa masweta mchana kutwa. Lakini muulize mpagazi yeyote aliyetoka kazini mlimani katika siku kama hizo, atakwambia kwamba alipita msituni katika ukungu unaodondosha maji kutoka kwenye kuvu na ndevu za miti, kisha akatokeza juu penye jua kali, blanketi letu likiwa chini yake kama bahari nyeupe na mlima Meru ukichomoza upande wa magharibi mithili ya kisiwa. Kwa waliokuwa huko juu, kilichofichwa siku zile nne ni mji wa Moshi.

Hapa inanipasa nikiri jambo. Nilifundisha Jiografia kwa zaidi ya miaka thelathini, na katika shule niliyokaa muda mrefu zaidi madirisha ya darasa yalielekea kaskazini, yaani mlimani. Niliandika ubaoni sirasi, kumulasi, stratasi na nimbasi, majina ya Kilatini ya aina za mawingu, ambayo mtengeneza dawa wa London, Luke Howard, aliyapendekeza mwaka 1802. Wanafunzi wakayakariri, wakafaulu mtihani, na sikumbuki hata siku moja niliyowaambia wageuze vichwa watazame nje. Siku moja mvulana wa dawati la nyuma aliuliza kwa nini lile wingu linalokivalisha Kibo kofia haliondoki, ilhali kule juu upepo unavuma. Nikamjibu kwamba tutafika huko. Hatukufika, kwa sababu halikuwamo katika muhtasari wa somo, na kwa kusema kweli jibu lenyewe nilikuwa silijui.

Jibu nililipata baada ya kustaafu, na lilikuwa mfongoni, yaani katika mfereji wa kumwagilia mashamba. Nenda kwenye mfongo wowote unaopeleka maji vihambani, utafute mahali maji yanapopita kwa kasi juu ya jiwe. Utaona kijiwimbi kimesimama papo hapo, asubuhi hadi jioni, ilhali maji hayasimami hata kidogo. Yanaingia katika umbo lile na kutoka. Upepo unaovuka Kibo hufanya vivyo hivyo. Ukikutana na mlima hulazimika kupanda, hupoa, na mvuke wake hugeuka matone upande wa kuingilia. Ukishavuka kilele huteremka, hupata joto, na matone hukauka upande wa kutokea. Matone unayoyaona kwenye kofia hiyo saa tatu asubuhi siyo uliyoyaona saa tatu kasorobo, yale yalikwisha kupita na kutoweka zamani. Kilichobaki ni umbo. Zipo siku ambapo upepo, baada ya kuteremka, huinuka tena nyuma ya mlima kama maji yanavyofanya nyuma ya jiwe, na hapo huonekana wingu la pili, jembamba na laini kama sahani, limening'inia peke yake pasipo mlima chini yake.

Kinyume cha jambo hilo niliwahi kukiona Tanga, nilipokuwa nikitazama kifuu cha nazi kilichoelea nje kidogo ya mahali mawimbi yanapovunjika. Nilitegemea wimbi la kwanza likilete ufukoni. Badala yake, kila wimbi lilikiinua, likakisogeza mbele kidogo, likakishusha na kukirudisha karibu palepale, kama kinachochorewa duara, nalo likaenda zake. Juu ya Kibo umbo hukaa na hewa hupita; kule Tanga umbo lilipita na maji yakabaki. Nilikuwa na umri wa miaka hamsini na minane, na nilisimama pale muda mrefu kiasi kwamba mke wangu alidhani nimeangusha simu baharini.

Msomaji mwenzangu huenda akafarijika kujua kwamba utata kati ya mlima huu na mawingu haukuanza na wageni wake. Tarehe 11 Mei 1848, mmisionari Mjerumani Johannes Rebmann, akisafiri kutoka pwani, aliona weupe uking'aa kileleni na akadhani ni wingu. Kiongozi wake wa safari ndiye aliyemwambia kwamba weupe ule ni baridi. Baadhi ya wasomi wa Ulaya walibisha kwa miaka mingi kwamba theluji haiwezi kuwapo karibu na ikweta.

Ombi langu kwako, Ndugu Mhariri, ni dogo. Chini ya utabiri wa hali ya hewa, unapotupa nyuzi za joto na uwezekano wa mvua, tuongezee kila wiki sentensi mbili tatu za kutuelekeza cha kutazama: duara linalolizunguka jua pale mawingu membamba ya juu yanapokuwa na chembe za barafu, chamchela za vumbi katika tambarare za Boma Ng'ombe wakati wa kiangazi, au upinde wa mvua wa alasiri, ambao daima utautafuta upande wa mashariki kwa kuwa sharti ulipe jua kisogo. Walimu walio kazini nao wanaweza kuwatoa watoto nje dakika kumi kabla ya kuwaandikia majina ya Kilatini ubaoni.

Na yule mvulana wa dawati la nyuma, ambaye bila shaka sasa ana watoto wanaosoma, ikiwa gazeti hili linamfikia huko aliko, apokee jibu lake kuhusu kofia, pamoja na radhi zangu kwa kulichelewesha.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu mstaafu,
Pasua, Moshi